Kufundisha joto na jotoridi shule ya msingi: pima kwanza, maana baadaye

Muulize mtoto wa darasa la nne: kikombe cha maji ya nyuzi 30 kikimiminwa kwenye beseni pamoja na kikombe kingine cha maji ya nyuzi 30, maji hayo yatakuwa ya nyuzi ngapi? Wengi watajibu 60. Si uzembe. Amefundishwa kujumlisha, na lita moja ukiongeza lita moja kweli ni lita mbili. Kinachomkwaza ni kwamba hajatenganisha mambo mawili: joto, yaani nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu kilichopoa zaidi, na jotoridi (Kenya husema halijoto), yaani kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu. Ukiziandika maana hizo ubaoni siku ya kwanza atazikariri, atazirudisha kwenye mtihani, na bado atasema 60. Kwa hiyo mpangilio huu unaanza na mikono na kipimajoto. Maana zinaandikwa daftarini baada ya watoto kuwa na namba zao za kuzieleza.

Vifaa

Kifaa kisichokwepeka ni kipimajoto cha maabara, chenye kimiminika chekundu na kipimo cha kuanzia −10 hadi 110. Kimoja kinatosha kuanzia. Vitatu ni raha. Usitumie kipimajoto cha zebaki hata kama kipo kabatini: kikivunjika, zebaki hutawanyika sakafuni na mvuke wake ni sumu. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza matumizi ya zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana vipimajoto hivyo, kwa hiyo vilivyobaki mashuleni ni vya zamani.

Kipimajoto cha homa hakifai pia. Kinapima nyuzi 35 hadi 42 tu, na cha kioo kikitiwa kwenye maji ya moto kitapasuka. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso, vilivyojaa kila mahali wakati wa Uviko-19, vingi navyo vimewekewa mipaka ya mwili wa binadamu. Ukikielekeza kwenye sufuria ya maji yanayochemka kitakuandikia tu kwamba kimevuka kipimo.

Vingine: mabeseni matatu, makopo mawili ya bati yanayolingana, mishumaa miwili ya aina moja, sweta au blanketi, chupa ndogo ya dawa, mirija, rangi ya chakula, pakiti mbili za barafu za ukubwa mmoja, na chupa ya chai ya kuhifadhi maji ya moto. Kama shule haina chombo cha kupimia ujazo, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, linapima vizuri kuliko jagi.

Kanuni ya usalama ni moja na haina mjadala: maji yanayoguswa na mtoto yasizidi nyuzi 45, na mwalimu ayapime mwenyewe kabla. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache tu. Maji yanayozidi 45 hushikwa na kumiminwa na mwalimu.

Mkono hudanganya

Panga mabeseni matatu mezani. La kushoto litie maji ya nyuzi 40, la kulia maji yaliyopozwa kwa barafu hadi kama 15, la katikati maji ya bomba. Mtoto atumbukize mkono mmoja kushoto na mwingine kulia, akae hivyo dakika nzima, kisha mikono yote miwili aihamishie katikati kwa pamoja. Mkono uliotoka kwenye moto utasema maji ya katikati ni ya baridi, na uliotoka kwenye baridi utasema ni ya moto. Maji ni yaleyale.

Jaribio hili linaharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haraka: watoto hukaa sekunde kumi na hawahisi tofauti, kwa hiyo darasa zima lihesabu hadi 60 kwa sauti. Ya pili ni idadi. Darasa la watoto 70 likipita mezani, beseni la moto litakuwa limepoa kabla hata nusu hawajafika. Weka chupa ya chai karibu, ongeza maji ya moto na upime tena kila baada ya watoto kumi. Mahali pasipo barafu, maji ya mtungi hufaa, hasa kwenye hewa kavu kama ya Dodoma. Pwani hewa ina unyevu mwingi na mtungi haupozi sana.

Hapohapo, kabla hawajakaa, waambie waguse mguu wa chuma wa dawati na ubao wake. Kipi kina baridi zaidi? Watasema chuma, wote. Sasa kifunge kipimajoto kwenye chuma kwa utepe, kitambaa juu ya balbu (ncha yake ya chini yenye kimiminika), ngoja dakika tatu, kisha fanya hivyo kwenye ubao. Namba itakuwa ileile, au itapishana kwa nyuzi moja. Chuma hakina ubaridi wake. Kinachofanya ni kunyonya joto la kiganja upesi kuliko mbao. Ngozi ya kiganja huwa kwenye nyuzi kama 33, na hapo ndipo mwalimu wa Dar es Salaam anapokwama: saa nane mchana darasa likiwa na nyuzi 32, tofauti kati ya kiganja na dawati ni ndogo mno na watoto hawatahisi kitu. Fanya asubuhi. Au geuza tatizo kuwa somo: weka kipande cha bati na kipande cha ubao juani dakika tano, halafu waguse kwa ncha ya kidole. Sasa bati litaonekana la moto zaidi, maana joto linahama kwa upande wa pili, kutoka kwenye bati kuingia kidoleni. Usizidishe muda, bati la juani huunguza.

Kusoma kipimajoto

Hili huchukua muda mrefu kuliko walimu wengi wanavyotarajia, na likirukwa majaribio yote yanayofuata yanazaa namba za ovyo. Anza na kipimajoto cha karatasi ngumu ya manila: chora mistari kutoka 0 hadi 100, toboa matundu mawili juu na chini, pitisha utepe ulioungwa nusu nyekundu na nusu nyeupe, uvute juu na chini. Watoto wasome kwa kupokezana. Makosa utakayoyaona ni kuhesabu kila mstari mdogo kuwa nyuzi moja wakati kipimo chenyewe kinakwenda mbilimbili, na kusoma namba iliyo karibu bila kuangalia mistari iliyo katikati.

Kisha kipimajoto halisi. Balbu iwe imezama yote na isiguse kitako wala ubavu wa chombo. Kisubiriwe dakika moja mpaka kimiminika kitulie. Kisomwe kikiwa bado ndani ya maji, jicho likiwa usawa mmoja na ncha ya kimiminika. Mtoto akikitoa nje ili aone vizuri, namba inashuka mbele ya macho yake. Akisoma kwa kukitazama kutoka juu, atakosea nyuzi moja hadi mbili. Ukikuta kimiminika kimekatika na kuacha mwanya katikati ya mrija, tumbukiza balbu kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi. Kikinywea chote ndani ya balbu kwa kawaida huungana tena.

Kila kundi liwe na mpimaji, mwandishi na mtunza saa, na kazi zibadilishwe kila jaribio, la sivyo mtoto mmoja mwenye mkono mwepesi atakishika kipimajoto hadi mwisho wa muhula.

Watoto wakishasoma vizuri, darasa la tano na kuendelea wanaweza kuunda chao. Jaza chupa ya dawa maji yenye rangi hadi mdomoni, pitisha mrija mwembamba kwenye plastisini au nta iliyoziba mdomo kabisa, na uhakikishe maji yamepanda kidogo mrijani. Mrija wa kalamu uliokwisha wino na kuoshwa ni bora kuliko mrija wa soda, kwa kuwa ni mwembamba na maji hupanda kwa kuonekana. Kikigoma, sababu ni mbili karibu kila mara: kiziba kinavuja, au kuna kipovu kikubwa cha hewa chupani. Mtoto mwenye macho makali ataona pia kwamba chupa ya kioo ikiingizwa kwenye maji ya moto, maji mrijani hushuka kidogo kwanza ndipo yapande. Hajakosea: kioo hupata joto kwanza na kutanuka kabla ya maji yaliyomo. Mpe sifa zake.

Kuchanganya maji

Hili ndilo jaribio la kulipa muda wote unaoweza. Lipe vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80.

Kwanza, mililita 200 za maji ya bomba na mililita 200 nyingine za maji ya bombani humohumo. Pima kila kikombe. Tuseme vyote ni 28. Kabla ya kumimina, kila mtoto aandike utabiri wake daftarini, kwa kalamu ya wino, na asifute. Changanya, koroga, pima. Ni 28. Waliosema 56 waache wapime wenyewe tena, wasiridhike kwa kuambiwa.

Mfano unaowaingia haraka ni wa chai. Vikombe viwili vya chai yenye sukari sawasawa ukivimimina kwenye sufuria moja, utamu hauongezeki hata kidogo, ila sukari iliyomo sasa ni mara mbili. Utamu ni kama jotoridi, sukari ni kama joto. Wengi hapa ndipo wanapoliona.

Pili, mililita 200 za nyuzi 60 kwa mililita 200 za nyuzi 28. Hesabu inasema 44, katikati kabisa. Darasani utapata 42 au 43. Usiifiche tofauti hiyo wala usiwaambie waandike 44. Waulize joto lililopungua limekwenda wapi: limeingia kwenye kikombe, limepotelea hewani wakati wa kumimina, jingine limeondoka na mvuke. Ukitumia kikombe cha plastiki chenye kifuniko badala ya cha bati, na ukimimina upesi, namba itasogea karibu na 44, na huo ni ushahidi kwamba maelezo yao yalikuwa sahihi.

Tatu, mililita 100 za nyuzi 60 kwa mililita 300 za nyuzi 28. Watoto waliokwisha kugundua kanuni ya katikati watasema 44 tena. Itatoka kama 36 au pungufu kidogo. Kwa darasa la sita na la saba onyesha hesabu: 100 × 60 ni 6,000, 300 × 28 ni 8,400, jumla 14,400 ugawe kwa 400. Madarasa ya chini yaelewe tu kwamba maji ya baridi yalikuwa mengi, hivyo yakavuta jotoridi upande wake.

Moto mmoja, maji tofauti

Makopo mawili yanayolingana yaweke kila moja juu ya vipande vitatu vya tofali, mshumaa chini yake, ncha ya mwali ikiwa sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kitako. Moja litie mililita 100, lingine 300. Yafunike kwa kadi yenye tundu la kipimajoto. Washa yote kwa wakati mmoja, koroga kila dakika, zima baada ya dakika tano. Kopo la maji machache litakuwa limepanda zaidi ya mara mbili ya jingine. Namba kamili inategemea mshumaa na upepo, kwa hiyo funga madirisha na usiahidi majibu.

Swali la kuuliza: ni kopo gani lilipewa joto jingi zaidi? Watoto wataelekeza kidole kwenye lile la moto. Warudishe kwenye mishumaa: miwili, ya aina moja, dakika zilezile. Joto lililotolewa lilikuwa karibu sawa. Jotoridi ndilo halikulingana. Sasa, na si kabla ya hapa, waandike maana ya joto na maana ya jotoridi kwa maneno yao, nawe usahihishe.

Sweta na barafu

Ukiwa na nafasi ya jaribio moja tu la kuwashangaza, fanya hili. Chukua pakiti mbili za barafu za nusu lita, zinazolingana. Kila moja itie kwanza kwenye mfuko wa plastiki usiovuja. Moja iviringishe kwa sweta nene au blanketi, nyingine iache wazi kwenye sahani, zote kivulini. Waulize ipi itayeyuka kwanza.

Karibu wote watachagua ya kwenye sweta, kwa sababu sweta lina joto. Waache watetee hoja yao. Wengine watasema kwa uhakika kwamba barafu "itapikika" mle ndani. Anza saa mbili asubuhi, fungua saa nne. Mimina maji yaliyoyeyuka kutoka kila mfuko na uyapime ujazo. Ya kwenye sahani yatakuwa mengi zaidi, bila ubishi. Sweta halitengenezi joto. Huzuia joto lisipite. Ukilivaa huzuia joto la mwili lisitoke, ukilivika barafu huzuia joto la hewa lisiingie. Baada ya hapo hawatashangaa kumwona muuza samaki akifunika barafu yake kwa magunia, wala kwamba chupa ya chai hutunza pia maji ya baridi.

Kosa linaloua jaribio hili ni mfuko kuvuja. Sweta likilowa, maji hujaza nafasi za hewa katikati ya nyuzi zake na joto hupita kwa urahisi, na matokeo yanakaribiana. Kosa la pili ni kufunuafunua ili kuchungulia.

Njia tatu joto linavyosafiri

Mpitisho, yaani joto kupita ndani ya kitu kutoka upande wa moto kwenda wa baridi: vijiko vitatu, cha chuma, cha mbao na cha plastiki, vilivyo sawa kwa urefu, vyenye punje ya harage iliyogandishwa kwenye mpini kwa nta, visimame kwenye maji yaliyochemka punde. Vitabu vingi husema mafuta ya mgando. Pwani mafuta hayo ni laini tayari na maharage yote huanguka. Kwa nta, maji yawe mengi na mpini uwe mfupi, la sivyo hata la chuma halitaanguka.

Msafara, ambao vitabu vingine huuita myuko, yaani joto kubebwa na maji au hewa inayosogea: kichupa kidogo kilichojaa maji ya moto yenye rangi, kikiwa kimezibwa kwa kidole cha mwalimu mwenye glavu, kizamishwe kwenye chombo kikubwa kinachoonyesha ndani chenye maji ya baridi, kisha kifunguliwe. Rangi hupanda kama moshi na kutanda juu. Rudia kwa maji ya baridi yenye rangi; yatabaki chini. Bila kurudia huko, watoto wataamini kuwa rangi yenyewe ndiyo inayopanda.

Mnururisho, yaani joto kusafiri kwa miale kama ya jua: makopo mawili, moja limepakwa masizi nje, jingine linang'aa, kila moja mililita 200 za maji na kifuniko, juani juu ya ubao kwa dakika 30. Jeusi litapata moto zaidi. Yasiwekwe moja kwa moja juu ya saruji, maana saruji ya moto nayo itayapasha kwa mpitisho, na hutajua sababu ipi imefanya kazi.

Kuchemka si nyuzi 100 kila mahali

Mwalimu wa Mbeya au Njombe atachemsha maji mbele ya darasa na kipimajoto kitagoma kwenye 94 au pungufu. Kipimajoto hakijaharibika. Kadiri unavyopanda mlima mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwenye jotoridi la chini, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Arusha ni kama 95, Tanga na Mombasa ni 100. Waambie ukweli huo. Mtoto aliyeona 94 kwa macho yake akaandikiwa 100 ubaoni atajifunza kwamba kupima hakuna maana.

Maji yakishachemka, ongeza moto waone. Namba haipandi, joto la ziada linageuza maji kuwa mvuke tu. Barafu inayoyeyuka nayo hubaki kwenye 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kipimo hiki kilipendekezwa na Anders Celsius wa Sweden mwaka 1742, naye alikiweka kinyumenyume: 0 kwa maji kuchemka na 100 kwa kuganda. Kiligeuzwa baadaye. Watoto hupenda kusikia hilo, na ukiwapa kazi ya kusoma jotoridi la darasa kwa kipimo cha mwanzo cha Celsius, nyuzi 28 ikiwa 72, wanapata zoezi la kutoa bila kununa.

Maswali ya kupima uelewa

Usiulize "joto ni nini?" Uliza yanayolazimisha kufikiri. Sufuria ya lita 20 ya uji wa nyuzi 60 na kikombe cha uji wa nyuzi 60: upi una jotoridi kubwa? Upi utapoa kwanza? Upi utayeyusha barafu nyingi zaidi? Anayejibu "sawa, kikombe, sufuria" ameelewa. Anayesema sufuria katika la kwanza bado anachanganya kiasi na kiwango. Mrudishe kwenye vikombe vya 28 na 28.

Swali lingine: mlango wa chuma na mlango wa mbao viko kivulini tangu jana, kipimajoto kitasema nini? Na la tatu: mama amefunika chungu cha wali kwa kitambaa, kitambaa kimeongeza joto ndani ya chungu? Aliyekosea hili mpe barafu na sweta, ajaribu mwenyewe nyumbani, aje na namba.